Ngao Moja, Malimwengu Mengi: Sura Mbadala za Captain America na Suala la Hatia ya Taifa

Ikisiri

Makala hii inahakiki sura mbadala za Captain America, shujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani anayevaa bendera ya taifa lake na kubeba ngao yenye nyota. Matini zilizochunguzwa ni hadithi ya mwaka 1972 iliyoandikwa na Steve Englehart, toleo la 44 la What If? (1984), The Ultimates na mwendelezo wake (2002–2007), Marvel 1602 (2003–2004), Truth: Red, White & Black (2003) na Secret Empire (2017). Hoja ya msingi ni kwamba ulimwengu mbadala, ambao kwa kawaida hutazamwa kama uwanja wa uhuru wa mwandishi, mara nyingi hutumika kama mahali pa kuhifadhi hatia ambayo shujaa wa mkondo mkuu hatakiwi kuibeba. Makala inapendekeza kigezo cha alama: sura mbadala ipimwe kwa kuangalia iwapo matendo yake yanamwachia shujaa mkuu alama isiyofutika. Kwa kigezo hicho, Truth ndiyo matini inayolikabili tatizo kwa ukamilifu zaidi, hasa kwa sababu haikubali kabisa kuwekwa katika ulimwengu mwingine.

1.0 Utangulizi

Jalada la toleo la kwanza la Captain America Comics linamwonesha kijana aliyevaa bendera akimpiga Adolf Hitler ngumi ya taya. Toleo hilo, lenye tarehe ya Machi 1941, lilianza kuuzwa Desemba 1940, takriban mwaka mmoja kabla ya Japani kuishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani rasmi. Waasisi wake, Joe Simon na Jack Kirby aliyezaliwa kwa jina la Jacob Kurtzberg, walikuwa vijana wa familia za Kiyahudi. Kwa hiyo shujaa huyu alizaliwa akiwa na hoja mdomoni: aliitaka Marekani iingie katika vita ambavyo serikali yake ilikuwa bado haijaviingia.

Kisa chake cha asili ni chepesi. Steve Rogers, kijana dhaifu aliyekataliwa jeshini, anajitolea kudungwa dawa ya majaribio inayomgeuza kuwa askari mkamilifu. Mvumbuzi wa dawa hiyo anauawa na jasusi wa Ujerumani papo hapo, na siri ya dawa inapotea pamoja naye. Tangu hapo, mwili wa Steve unakuwa mali ya umma, na ndani ya vazi lake watu wawili wanaishi kwa wakati mmoja: raia mwema na dola.

Hapo ndipo tatizo la kifasihi linapoanza. Shujaa kama Spider-Man anaweza kuishi katika hadithi mia moja bila kuulizwa chochote kuhusu vita au sheria za ubaguzi, kwa sababu hakuna aliyemtuma kuiwakilisha nchi. Captain America hana nafasi hiyo. Anayevaa bendera huulizwa kuhusu kila kinachotendwa chini ya bendera, na ukimya wake huhesabiwa kuwa jibu. Wakati huohuo, mchapishaji anahitaji shujaa huyo abaki mwema mwezi baada ya mwezi ili vitabu viendelee kununuliwa. Kati ya mahitaji hayo mawili ndipo sura mbadala zilipoota: Captain America aliyerukwa na akili, Captain America mbabe, Captain America aliyetupwa karne nne nyuma, Captain America wa kifashisti. Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: je, sura hizo zinamfanya shujaa ajibu mashtaka, au zinamtafutia mtu mwingine wa kuyajibu kwa niaba yake?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Mawazo mawili yameongoza usomaji huu. La kwanza ni la Umberto Eco, ambaye katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman alionesha kwamba shujaa wa katuni hukwepa kutumiwa na wakati. Kila tendo la kweli humsogeza mhusika hatua moja kuelekea kifo, na kwa kuwa shujaa wa mfululizo hapaswi kufa, hadithi hubuni mbinu za kufuta matokeo. Miongoni mwa mbinu hizo Eco alitaja hadithi za kubuniwa ndani ya ubunifu, ambamo shujaa huoa au hufa na kisha msomaji huambiwa kuwa halikutokea jambo. Wazo la pili ni la Jason Dittmer, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2013 anamtambua Captain America kuwa kielelezo cha shujaa wa kitaifa, yaani shujaa ambaye jina lake, vazi lake na utume wake vimefungamanishwa waziwazi na dola fulani. Mawazo haya yakiunganishwa yanatoa swali zito zaidi. Ikiwa shujaa huyu ni taifa, na ikiwa hadithi zake hufuta matokeo, basi kinachofutwa si ndoa wala kifo cha mtu mmoja. Ni kumbukumbu ya taifa.

Mtafiti wa fasihi simulizi hatashangazwa na wingi wa sura za shujaa mmoja. Visa vya Fumo Liyongo vimesimuliwa kwa namna mbalimbali, na utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 ni mojawapo tu ya namna hizo. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Fanani anaposimulia, usimulizi wake huwa na mamlaka kamili mbele ya hadhira yake. Hakuna anayeupachika nembo ya kuwa mbadala. Katika katuni za Marvel, malimwengu yamepewa namba. Ulimwengu wa mkondo mkuu ni namba 616, ule wa The Ultimates ni 1610, na mengine yana namba zake. Namba hizo ni hukumu: zinatangaza mapema ni matendo yapi yatahesabika na ni yapi yataachwa. Hukumu hiyo haitolewi na hadhira wala na watunzi. Simon alifungua madai ya hakimiliki mara mbili, na mara zote mbili shauri liliishia kwenye makubaliano na kampuni, ambayo tangu mwaka 2009 imo mikononi mwa Disney. Anayemiliki shujaa ndiye anayemiliki pia mpaka kati ya shujaa halisi na asiye halisi.

3.0 "Huyo Hakuwa Yeye": Asili ya Mbinu

Mbinu ya kumgawa shujaa ilianza kabla ya malimwengu kupewa namba. Baada ya vita, Captain America alipoteza wasomaji na kuondolewa sokoni. Mwishoni mwa mwaka 1953 alirudishwa kwa kazi mpya: kuwasaka wakomunisti. Majalada ya matoleo ya 76 hadi 78, yaliyotoka mwaka 1954, yalimtangaza waziwazi kuwa mpondaji wa wakomunisti. Mwaka huohuo ndio Seneta Joseph McCarthy alipofikia kilele cha mashambulizi yake, kisha akakaripiwa rasmi na Seneti mwezi Desemba. Vitabu havikuuzika na mfululizo ukakoma.

Stan Lee na Jack Kirby walipomrudisha Captain America katika toleo la 4 la The Avengers mwaka 1964, walieleza kwamba alikuwa ameganda ndani ya barafu tangu mwisho wa vita. Maelezo hayo yaliacha pengo: kama Steve Rogers alikuwa barafuni tangu 1945, nani aliyekuwa akiwapiga wakomunisti mwaka 1954? Kwa miaka minane swali hilo lilikaa bila jibu. Mwaka 1972, katika matoleo ya 153 hadi 156, Englehart akishirikiana na mchoraji Sal Buscema alijibu kwamba alikuwa mtu mwingine. Mtu huyo alimpenda Captain America kupita kiasi, akabadili sura na jina ili afanane naye, akajidunga dawa bila kupata miale iliyohitajika kuituliza. Akili yake ikaharibika. Akaanza kuona wakomunisti kila mahali na kuwashambulia watu wasio na hatia, wakiwemo Wamarekani Weusi, hadi serikali ikamgandisha. Anazinduliwa na mfanyakazi wa serikali aliyechukizwa na ziara ya Rais Nixon nchini Uchina.

Kama kazi ya usimulizi, hadithi hii ni hodari. Inamlazimisha shujaa kupigana na uso wake mwenyewe, na baada ya ushindi Steve anatafakari kwamba yeye angeweza kuwa mtu yule. Uaminifu huo haupaswi kupuuzwa, maana mwaka 1972 majeshi ya Marekani yalikuwa bado yako Vietnam na uzalendo wenyewe ulikuwa kizimbani. Hata hivyo, suluhisho lenyewe lina gharama. Msomaji wa mwaka 1954 hakununua hadithi ya mwendawazimu aliyejifananisha na shujaa. Alinunua hadithi ya Steve Rogers, naye alielezwa kwamba anachofanya Steve ni haki. Kwa kubuni mtu wa pili, mchapishaji aliitoa historia yake mwenyewe mlangoni mwake. Aidha, siasa iligeuzwa maradhi. Msako wa wakomunisti haukuletwa na dawa iliyokosa miale. Uliletwa na maseneta, kamati, waajiri na majirani waliokuwa na akili timamu. Hadithi inayousimulia msako huo kama kasoro ya kikemikali inawaachia huru wote hao.

Toleo la 44 la What If?, lililoandikwa na Peter Gillis na kuchorwa na Sal Buscema mwaka 1984, linaiendeleza mbinu hiyohiyo na kuifikisha mbali zaidi. Linauliza ingekuwaje iwapo shujaa wa kweli hangepatikana barafuni mapema na yule wa bandia ndiye angetangulia kuzinduka. Jibu lake ni taifa linaloteleza kuelekea udikteta likishangilia, kwa kuwa aliyeliongoza huko alivaa vazi lililoaminiwa. Hapa hadithi inapiga hatua ambayo ile ya 1972 haikuthubutu kuipiga: lawama inawafikia wananchi. Wao ndio wanaopiga makofi. Shujaa wa kweli anapozinduka na kumshinda wa bandia, anaugeukia umati na kuueleza kwamba nchi na bendera havina thamani yoyote vikitenganishwa na uhuru wa watu wote. Hotuba hiyo ni kali, lakini inatamkwa na mtu aliyekuwa amelala wakati uovu ukitendeka. Barafu imemhifadhia usafi wake. Kwa kigezo cha alama, shujaa anatoka katika hadithi hii akiwa kama alivyoingia.

4.0 The Ultimates: Kioo Kisichofunikwa

Mark Millar na Bryan Hitch walipoanza The Ultimates mwaka 2002, waliachana na mbinu ya mtu wa bandia. Steve Rogers wa ulimwengu huu ni Steve Rogers mwenyewe, askari wa mwaka 1945 aliyezinduka katika Marekani ya baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Ndani yake hamna mwendawazimu wala mnyang'anyi wa sura. Ni mtu wa zama zake: mtiifu, jasiri, mwepesi wa kupiga, mwenye dharau kwa mataifa mengine. Kejeli yake maarufu dhidi ya Ufaransa iliakisi hasira za Wamarekani wengi katika miezi ya kuelekea uvamizi wa Iraki.

Nguvu ya matini hii inaonekana kwanza katika mambo madogo. Mchumba wake, Gail, ameolewa na rafiki yake Bucky, na wote wawili ni wazee. Steve anapowatembelea anakutana na maisha ambayo yangekuwa yake, yameshaishiwa na mwingine. Tukio hilo linampa alama ambayo Eco angeitambua: wakati umemtumia shujaa, na hakuna toleo lijalo litakalomrudishia mchumba wake. Kwa upande wa uchoraji, Hitch anatumia mistari ya kihalisia na fremu pana zinazofanana na picha za habari za vita, kiasi kwamba msomaji hapati mahali pa kujificha nyuma ya utani wa katuni.

Mwendelezo wake unafika kwenye suala la dola lenyewe. Muungano wa mashujaa wa kutengenezwa kutoka mataifa yanayoihofia Marekani unaivamia nchi hiyo. Miongoni mwao yumo Abdul al-Rahman, kijana Mwislamu aliyejitolea kubadilishwa mwili baada ya kuuona uvamizi wa Iraki. Kisa chake ni kisa cha Steve neno kwa neno: kijana wa kawaida, nchi iliyo hatarini, dawa, vazi, uzalendo. Kwa kitambo msomaji anaalikwa kukubali kwamba ngumi ya mwaka 1941 inaweza kurushwa kutoka upande mwingine na bado ikawa na haki. Kisha Steve anamuua kwa silaha yake mwenyewe, na hadithi inasonga mbele kuelekea ushindi wa Marekani.

Hapa ndipo The Ultimates inapojikwaa. Imefungua hoja nzito kuliko zote zilizojadiliwa hapo juu, kwamba shujaa wa kitaifa hana sifa ya kipekee bali ana taifa tu, kisha ikaifunga hoja hiyo kwa pambano. Abdul hapewi mazungumzo ya kutosha wala kifo cha kuombolezwa. Kioo kimeletwa na kuvunjwa kabla aliyesimama mbele yake hajajitazama vizuri. Zaidi ya hayo, ukatili wa Steve huyu ulimpa msomaji wa ulimwengu mkuu faraja isiyokusudiwa: angeweza kumchukia bila kumpoteza Captain America wake, ambaye alibaki safi katika rafu ya jirani.

5.0 Marvel 1602: Mwanzo Uliokaliwa

Neil Gaiman na mchoraji Andy Kubert waliwahamishia mashujaa wa Marvel katika Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Virginia Dare, ambaye katika historia alizaliwa mwaka 1587 katika koloni la Roanoke akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi Waingereza kuzaliwa huko Amerika, anasafiri kwenda kwa Malkia akilindwa na mtu mrefu mwenye nywele za kimanjano, aitwaye Rojhaz, anayedhaniwa kuwa mwenyeji wa nchi hiyo. Baadaye inabainika kwamba Rojhaz ni matamshi yaliyopinda ya Rogers. Mtu huyo ni Captain America kutoka siku zijazo, ambako Marekani imetawaliwa na rais wa maisha, naye ametupwa nyuma katika wakati ili aondolewe kabisa. Uwepo wake katika karne isiyo yake ndio unaoupasua ulimwengu.

Ubunifu huu una jambo la kina. Captain America ameishuhudia nchi yake ikifa, na sasa amepewa nafasi ya kuilinda tangu ilipokuwa koloni dogo. Roanoke, ambayo katika historia ilikutwa tupu mwaka 1590, hapa inaokoka kwa msaada wake. Anapotakiwa kurudi kwenye wakati wake ili ulimwengu upone, anakataa. Mzalendo anakuwa hatari kwa walimwengu wote kwa sababu anaipenda nchi moja kupita kiasi. Hatimaye Sir Nicholas Fury anampiga na kumrudisha kwa nguvu. Hakuna sura mbadala nyingine inayouonesha uzalendo wenyewe, bila wazimu wala ukatili, kuwa ufa unaoweza kuangamiza.

Hata hivyo, matini hii ina upofu ambao uhakiki hauwezi kuupita kimya. Mlinzi wa mwanzo wa Marekani ni Mzungu aliyevaa mavazi ya wenyeji, anayehesabiwa kuwa mwenyeji, na anayesimama mahali ambapo mwenyeji halisi angesimama. Wenyeji wenyewe karibu hawana sauti. Ndoto ya Rojhaz ya kuirekebisha Marekani tangu chimbuko lake inaanza kwa kuliokoa koloni, na haielezi ni nini kitawapata watu ambao ardhi ni yao iwapo koloni hilo litastawi. Hivyo, hatia ya msingi kabisa ya taifa, yaani kuporwa kwa ardhi, inafunikwa na mwili wa shujaa mwenyewe. Rangi ya nywele zake, ambayo wahusika wa Kiingereza wanaishangaa, ndiyo dalili pekee kwamba jambo fulani haliko sawa, na dalili hiyo inatumika kama fumbo la kuteguliwa. Haitumiki kama shtaka.

6.0 Truth: Kukataa Kuwa Mbadala

Truth: Red, White & Black ya Robert Morales na Kyle Baker ilitoka katika matoleo saba mwaka 2003. Jina lake linaziorodhesha rangi za bendera ya Marekani, kisha penye buluu linaweka nyeusi. Hadithi inaanzia katika pengo ambalo kisa cha asili kililiacha wazi: baada ya mvumbuzi wa dawa kuuawa, je, serikali iliyokuwa vitani ingekubali siri hiyo ipotee bila kujaribu tena? Na kama ingejaribu, ingewajaribu akina nani?

Jibu la Morales limetoka katika historia. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliendesha huko Tuskegee, Alabama, uchunguzi uliohusisha wanaume Weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida hawakupewa. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Jeshi lenyewe liliendelea kuwatenga askari Weusi hadi amri ya Rais Truman ya mwaka 1948. Katika Truth, askari Weusi wanachukuliwa kambini bila ridhaa na kudungwa dawa. Wengi wanakufa kwa namna za kutisha. Isaiah Bradley anabaki, analichukua vazi la Captain America na kwenda peke yake nyuma ya mistari ya adui. Anaporudi, taifa linamfunga jela miaka 17 kwa kosa la kulivaa vazi hilo. Akili yake inadhoofika. Mkewe, Faith, ndiye anayeibeba kumbukumbu yake.

Mtindo wa Baker ulilalamikiwa na baadhi ya wasomaji kwa kuwa na mistari ya mzaha iliyotiwa chumvi. Malalamiko hayo hayana uzito. Katuni za Marekani zina historia ndefu ya kuwachora Watu Weusi kwa dhihaka, na Baker anaichukua kalamu hiyohiyo ya mzaha na kuwafanya wahusika wake watu kamili ndani yake. Miili inapovimba na kupasuka kwa dawa, msomaji aliyekuwa akitabasamu hukamatwa na tabasamu lake.

Uamuzi mkubwa zaidi wa matini hii hauko katika fremu yoyote. Uko katika mahali ilipowekwa. Ingekuwa rahisi kumpa Isaiah namba ya ulimwengu wake, ambako mateso yake yangesomwa, yangesikitikiwa na kufungwa pamoja na jalada. Badala yake aliingizwa katika ulimwengu mkuu. Mwanawe na mjukuu wake walifuata katika hadithi nyingine, mjukuu huyo akiwa Elijah, mmoja wa mashujaa wa Young Avengers ya mwaka 2005. Tangu Truth ichapishwe, kila dondoo la dawa ndani ya Steve Rogers lina historia ya waliokufa kwa ajili ya kuitafuta upya. Steve mwenyewe anafanywa msikilizaji: anakuja amechelewa, anaelezwa, na hana mtu wa kumpiga. Katika hadithi zote zilizohakikiwa hapa, ni hii peke yake ambamo ngumi haina kazi.

Hoja ya kupinga inaweza kutolewa, nayo ni nzito: je, Truth haijamezwa nayo? Isaiah hakupewa mfululizo wa kudumu, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2021, The Falcon and the Winter Soldier, inakihitimisha kisa chake kwa kumwonesha sanamu yake ndani ya jumba la makumbusho. Sanamu ni heshima, lakini pia ni njia ya kutangaza kwamba deni limelipwa. Hata hivyo, katika tamthilia hiyohiyo Isaiah anatamka wazi kwamba hawatakubali kamwe mtu Mweusi awe Captain America, na kwamba Mweusi mwenye kujiheshimu hata asingetaka kuwa hivyo. Sam Wilson analipokea vazi akiwa amekwisha kuyasikia maneno hayo. Alama imehamia kwa mrithi.

7.0 Secret Empire: Kurudi kwa Mtu wa Bandia

Mwaka 2016, katika mfululizo ulioandikwa na Nick Spencer, Captain America wa mkondo mkuu alitamka kiapo cha Hydra, kundi ambalo hadithi zake zimelihusisha na Unazi. Ilielezwa baadaye kwamba Kobik, mtoto aliyetokana na kifaa chenye uwezo wa kubadili uhalisi, aliandika upya maisha yake yote. Katika Secret Empire ya mwaka 2017, Steve huyo anaitwaa Marekani. Wasomaji wengi walichukizwa, hasa walipokumbuka asili ya waasisi wa shujaa huyo na jalada la mwaka 1941.

Kwa muda, hadithi hii iliahidi jambo ambalo hakuna nyingine iliyolifanya: shujaa halisi, katika ulimwengu halisi, akiwa na hatia halisi. Hatimaye Steve asiyebadilishwa anatokea na kumpiga yule aliyebadilishwa. Uso uleule mara mbili, na mmoja anaanguka. Ni mwaka 1972 umerudi. Safari hii miale iliyokosekana imekuwa kifaa cha ajabu, lakini kauli ni ileile: huyo hakuwa yeye. Tofauti ni kwamba waathirika ndani ya hadithi walimwona Steve Rogers, walimtii Steve Rogers na kuuawa kwa amri yake. Hadithi inamkabidhi ngao tena bila kuchelewa, na swali la jinsi taifa lilivyomfuata kwa urahisi namna ile linabaki bila mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba sura mbadala za Captain America hazilingani katika thamani ya kimaadili wala ya kifasihi. Hadithi ya 1972, What If? ya 1984 na Secret Empire zinamgawa shujaa ili nusu moja ihukumiwe na nyingine iachiwe. The Ultimates inamweka shujaa mzima mbele ya kioo, kisha inakivunja kioo. Marvel 1602 inaugusa mzizi wa tatizo, yaani mwanzo wa taifa, lakini inamkalisha shujaa mahali pa wenyeji bila kuwauliza. Truth peke yake inakataa mpaka kati ya ulimwengu wetu na ulimwengu ule, na kwa hiyo inamwachia shujaa mkuu deni ambalo hakuna toleo linaloweza kulifuta bila kujitangaza kuwa linafuta.

Matokeo haya yana maana kwa nadharia ya Eco. Kufutwa kwa matokeo si sheria ya lazima ya katuni za mfululizo. Ni uamuzi unaofanywa na mwenye mali, na unaweza kukataliwa na mwandishi anayejua ni wapi pa kuiweka hadithi yake. Yana maana pia kwa uhakiki wa shujaa wa kitaifa katika fasihi kwa jumla. Mhakiki anapokutana na shujaa mwenye sura nyingi, hana budi kuuliza ni nani aliyeamua kwamba sura fulani ni mbadala, na ni akina nani walioumizwa ndani yake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu sura za kike za shujaa huyu, zikiwemo zile za Peggy Carter zilizotoka kuanzia mwaka 2018, ambazo makala hii haikuzishughulikia. Zinafaa kupimwa kwa kigezo hichohicho: anapolivaa vazi mtu ambaye taifa lilimnyima nafasi mwaka 1941, je, hadithi inamtaka Steve Rogers na nchi yake waeleze kwa nini alinyimwa, au inamhamishia katika ulimwengu ambako hakuna aliyemnyima?